Mengineyo



Wapendwa waamini, juma hili naomba kuwaandikia juu ya neno moja ambalo hukaa mwishoni mwa ajenda ya karibu kila kikao katika nchi yetu. Mnalifahamu vyema. Huanza sala ya kufungua, hufuata kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, jambo kuu la siku, na kisha, kabla ya sala ya kufunga, huandikwa: Mengineyo. Kwa miaka yote ya upadre wangu nililichukulia neno hilo kuwa mlango wa kutokea. Mwaka jana nilijifunza kwamba ni mlango wa kuingilia pia, na kwamba kwa kupitia mlango huo niliwafungia watu maji.

Kisa chenyewe baadhi yenu mnakijua. Ilikuwa Jumapili ya Novemba mwaka juzi, wingu la vuli limetanda. Halmashauri ya Walei iliitwa kwa jambo moja tu: paa la kigango chetu cha mbali, ambalo upepo ulikuwa umeng'oa mabati yake. Tulianza saa saba mchana, baada ya Misa ya pili, ukumbi umejaa. Lakini kwa kuwa kikao kilikuwa kikubwa na kila mtu alijua kwamba viongozi wote watakuwapo, kila aliyekuwa na lake alilileta siku hiyo. Yaliletwa mambo ya sare za kwaya, deni la vipaza sauti, zamu za usafi, na ratiba ya mafundisho ya Kipaimara. Yote yalitundikwa juu ya paa lile lile. Ilipofika saa kumi, paa lenyewe liliahirishwa.

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Waliondoka wenye watoto wadogo, wenye mifugo ya kufungia, na wajumbe wote wa jumuiya za bondeni, ambao walitaka kuvuka mto kabla mvua haijanyesha. Tulipofika Mengineyo tulikuwa tumebaki wachache, tena wenye njaa. Mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi alisimama, akaeleza kwamba yupo fundi mwenye matofali ambayo mteja wake ameyakataa, na kwamba yuko tayari kuyauza kwa bei nafuu. Fedha za Mavuno zilikuwa benki. Mbuzi walikuwa wakiingia makaburini. Parokia jirani ilikuwa imekwisha kujenga ukuta. Hakuna aliyepinga. Niliuliza kama tunakubaliana, tukakubaliana, nikafunga kwa sala. Sikuuliza kama akidi ingalipo. Jambo hilo lilipewa muda mfupi kuliko ule tuliotumia kubishania rangi ya sare za kwaya.

Ukuta ulisimama kabla ya Noeli, nami niliusifu altareni.

Januari, alasiri moja, alikuja ofisini bibi mmoja kutoka bondeni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitika, "Marahaba, Baba," akaketi, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Baba Padre, nimetumwa kuuliza. Sisi watu wa bondeni tumekosa nini?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze kama anavyoelezwa mtoto. Nyuma ya kanisa palikuwa na njia ya miguu iliyopanda kutoka bondeni hadi kwenye kisima chetu cha pampu, njia kongwe kuliko parokia. Ukuta ulikuwa umepita juu yake. Watoto waliokuwa wakichota maji kwa dakika chache kabla ya kwenda shule sasa walizunguka kwa barabara kuu, alfajiri, gizani, hadi lango la mbele. Mjukuu wake, binti wa darasa la tano, alikuwa amegongwa na bodaboda akiwa na ndoo kichwani. Mguu ulivunjika. "Hatukuja kudai, Baba," alisema. "Tumekuja kujua tu kosa letu, ili tujirekebishe."

Ndugu zangu, nimesikia maungamo mengi. Sijapata kusikia neno lililonichoma kama hilo. Watu wale walikuwa wameuona ukuta kuwa adhabu, nao walikuwa wakichunguza dhamiri zao kwa kosa ambalo halikuwapo.

Nilikwenda hospitalini kumwona mtoto. Niliporudi nilifungua kitabu cha kumbukumbu za vikao nikitafuta mwenye hatia. Sikumpata. Hakuna aliyesema vibaya siku ile. Fundi hakumdanganya mtu, na mjumbe wa ujenzi aliipenda parokia yake. Waliobaki hadi mwisho walikuwa wale wenye moyo wa kujitolea. Hata hivyo, kundi la watu wema, wakiongozwa na padre wao, lilifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angelikubali kama lingeelezwa lilivyo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Muumini wetu mmoja, ambaye hufundisha elimu ya uongozi chuoni, alinisikia nikilalamika, akaniletea nakala ya makala ya zamani. Iliandikwa mwaka 1972 na wataalamu watatu, Michael Cohen, James March na Johan Olsen. Jina lake lilinishtua, kwa maana linaufananisha uamuzi wa taasisi na pipa la taka. Nilidhani ni dhihaka. Nilipoisoma niliona kikao chetu cha Novemba kimeelezwa humo, ingawa waandishi walikuwa wakifikiria vyuo vikuu.

Wanasema kuna taasisi ambazo kwa utani waliziita machafuko yaliyopangwa. Zina alama tatu. Kwanza, watu wake hawana hakika wanataka nini hasa, au wanataka mengi yasiyopatana. Pili, hawajui vizuri ni njia gani huzaa matunda gani. Hujaribu, hukosea, hujaribu tena. Tatu, washiriki wake huja na kuondoka: leo yupo huyu, kesho yule, na hata aliyepo hutoa muda na nguvu kadiri alivyobakiwa nazo. Niambieni kama hiyo si parokia. Hatuna mshahara wa kumfunga mtu kitini. Mwenyekiti wa jumuiya ni mkulima, katibu ni mwalimu, mweka hazina ana duka, nao wote hututolea masalio ya siku yao. Muundo wetu ni mlegevu kwa asili yake, na sioni kuwa ni dhambi. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, waliichagua njia hii ya watu wengi, vikundi vingi, na mamlaka yaliyotawanyika karibu na maisha ya watu.

Katika taasisi za namna hiyo, wasema wale wataalamu, tusidhani kwamba uamuzi huanza na tatizo, ukafuata uchambuzi, likafuata jawabu. Kuna mikondo minne inayotiririka kila mmoja kivyake. Kuna mkondo wa matatizo. Kuna mkondo wa majawabu, ambayo mara nyingi yamekwisha kuwapo na yanatafuta tatizo la kujibandika. Kuna mkondo wa watu. Na kuna mkondo wa nafasi za kuamua, yaani vikao, chaguzi na bajeti. Kila nafasi ya kuamua ni kama pipa: watu hutupia humo matatizo na majawabu waliyo nayo wakati huo. Kitakachotoka hutegemea yaliyokutana ndani ya pipa kabla halijaondolewa. Matofali ya yule fundi yalikuwa jawabu lililokuwa likitembea likitafuta tatizo. Likawakuta mbuzi wetu.

Hawakuishia kwenye mfano wa maneno. Walitunga programu ya kompyuta yenye nafasi 10 za kuamua, matatizo 20, watu 10 na vipindi 20 vya wakati, wakaiacha iende huku wakibadilisha masharti. Kila tatizo lilidai nguvu fulani, kila mtu alileta nguvu fulani, na uamuzi ulipatikana nguvu zilizokusanyika zilipotosha kuyabeba matatizo yaliyong'ang'ania nafasi ile. Waliona kwamba uamuzi hufikiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutatua: watu hukaa na tatizo mpaka lipate jawabu. Ya pili ni kupitiliza: uamuzi hupita haraka kabla matatizo yanayohusika hayajafika mezani. Ya tatu ni kuhama: matatizo huondoka kwenda kujitundika mahali pengine, na uamuzi unaobaki hupita kwa urahisi kwa sababu haumtatulii mtu lolote. Mzigo wa matatizo unapokuwa mzito, njia ya kwanza si ndiyo ya kawaida. Zile mbili za mwisho hutawala.

Nilikirudia kitabu chetu cha kumbukumbu nikiwa na maneno hayo matatu kichwani. Ukuta ulikuwa wa kupitiliza: tuliamua tatizo la maji likiwa bado liko njiani kuelekea mto. Ratiba ya Kipaimara ilikuwa ya kuhama: tuliipitisha siku ambayo wazazi waliokuwa na malalamiko walikuwa wamekwisha kuyapeleka kwa katekista na kwa masista. Mambo tuliyoyatatua kweli yalikuwa machache, na karibu yote yalikuwa madogo, yaliyofanywa na watu watano au sita katika kikao ambacho hakuna aliyekiona kuwa cha maana. Hilo pia lilikuwamo katika makala: nafasi kubwa za kuamua hutatua matatizo kwa nadra kuliko nafasi ndogo, kwa sababu kila mtu hukimbilia kwenye pipa kubwa na kulijaza.

Kuna matokeo mengine niliyoyasoma mara mbili. Waandishi walijaribu kuweka vizuizi, ili si kila tatizo liweze kuingia kila mahali. Matatizo yaliyokuwa yakizunguka mezani yalipungua kweli. Lakini yaliyozuiwa yalikaa muda mrefu zaidi bila kupata pa kuingia. Nilifunga makala nikatazama dirishani, na ukuta ulikuwa pale.

Isidhaniwe kwamba naifanya kompyuta kuwa Injili. Mwaka 2001 wataalamu wengine watatu wa elimu ya siasa waliikosoa kazi ile kwa ukali, wakionyesha kwamba programu haikufanana na maelezo yake. Ndani yake watu hawakutawanyika kama maneno yalivyodai, bali mara nyingi walihama pamoja kama kundi la kondoo. Mchungaji husoma sentensi kama hiyo kwa tabasamu. Mfano ni mfano. Ulinisaidia kwa jambo moja: uliniondoa kwenye kumtafuta mwenye hatia, ukanipeleka kwenye kuuliza ni nani alikuwapo, ni nani alikuwa amekwisha kuondoka, na ni kitu gani kilikuwa kikisubiri nafasi ya kuingia.

Sasa niwaambie jaribu langu. Nilitaka kuubomoa ukuta kesho yake kwa amri. Nilikuwa na uwezo huo. Kanuni ya 536 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi kwamba baraza la kichungaji la parokia lina kura ya ushauri tu, nami ndiye niliyepaswa kuliongoza. Paroko anayejuta ni mtu wa hatari, kwa kuwa anaweza kuitumia toba yake kama nyundo. Ningeamua tena haraka, na tena peke yangu, na tena watu wa bondeni wasingekuwapo. Ingekuwa kupitiliza kule kule, safari hii kwa machozi.

Kilichonizuia ni sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Mnaikumbuka habari ile. Wajane wa Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hakuna aliyekusudia kuwanyima. Wanafunzi walikuwa wameongezeka, na mambo yakawapita. Mitume hawakutoa amri ya chakula. Waliwaita wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba. Yasomeni majina ya wale saba mkipata nafasi, kuanzia Stefano hadi Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Jumuiya ililikabidhi tatizo kwa watu wa upande uliokuwa umeumia. Miaka mingi nilihubiri juu ya sura hiyo nikieleza asili ya ushemasi. Sikuwahi kuona kwamba inaeleza pia namna ya kuendesha kikao.

Basi tulikutana bondeni, chini ya mwembe, siku isiyo ya gulio, asubuhi. Ajenda ilikuwa moja na haikuwa na Mengineyo. Niliwaomba radhi kwa niaba yangu na ya Halmashauri, na nikawaambia kwamba hawakukosa lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala wa kubomoa. Wao hawakutaka kubomoa. Walisema mbuzi ni kero kweli, na makaburi yale ni ya wazee wao pia. Waliomba mlango mdogo pale pale njia ilipopita, upana wa mtu mwenye ndoo. Swali lililochukua asubuhi nzima lilikuwa jingine: ufunguo ukae kwa nani? Wengine walitaka ukae kwa mlinzi wa parokia. Mwishowe mama mmoja wa jumuiya ya chini kabisa, ambaye huamka kabla ya wote, alikabidhiwa. Hilo nisingeliwaza kamwe nikiwa ofisini. Kwangu mlango ulikuwa swali la tofali na saruji, na kwao ulikuwa swali la nani anaaminiwa.

Tangu hapo tumebadilisha mambo machache, na ni vyema mjue sababu zake. Hatukuifuta Mengineyo. Wapo waliopendekeza hivyo, nami nilikataa, kwa maana tatizo lisilo na pa kuingilia halifi. Hukaa nje likingoja. Mengineyo ni mahali pa kusikia. Lakini jambo lolote linalogusa fedha, ardhi au njia ya watu likiibuka hapo, huandikwa na kupelekwa kikao kinachofuata, baada ya kupitia kwenye jumuiya. Katibu husoma kwa sauti majina ya jumuiya ambazo wajumbe wake wameondoka kabla ya uamuzi kufanywa. Jawabu likiletwa limeshaiva, lenye bei nafuu na haraka nyingi, tunaliuliza kwanza: wewe umekuja kwa ajili ya tatizo gani, na la nani? Na mambo makubwa tunayakata vipande, tunayapeleka kwa watu wachache wanaoguswa nayo, kabla hayajarudi kwenye ukumbi mkubwa.

Sisemi kwamba sasa tunaamua vizuri. Tunaamua polepole zaidi, na wapo wanaonung'unika, nao wana sababu. Paa la kigango bado halijaezekwa lote. Muundo mlegevu una gharama yake, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na wale wanaongoja. Lakini hata amri ya haraka ina wa kuilipia, na mimi nimemwona akiwa kitandani hospitalini na mguu wake umefungwa plasta.

Wengine mtaniuliza: Padre, mbona husemi juu ya Roho Mtakatifu? Je, si yeye anayeliongoza Kanisa? Ndiye. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamwagiza abati awaite ndugu wote panapokuwa na jambo zito, na sababu anayotoa ni kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Abati ndiye anayeamua mwishoni, lakini haamui kabla ya kumsikia mdogo. Sinodi iliyoanza mwaka 2021 na kuhitimishwa Oktoba 2024 ilituita tutembee pamoja kwa namna hiyo hiyo. Nilikuwa nikisali "Njoo, Roho Mtakatifu" mwanzoni mwa kila kikao, na sina shaka kwamba alikuja. Ninachokiogopa ni kwamba siku ile ya Novemba yawezekana alikuwa akitaka kusema kwa kinywa cha bibi mmoja wa bondeni, nasi tulifunga kikao naye hayupo.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana tena juu ya paa la kigango. Vigango na jumuiya zote zimekwisha kutoa maoni yao, na yatasomwa. Nawaomba mje, na nawaomba zaidi kwamba anayelazimika kuondoka mapema amwachie jirani yake neno lake. Tutamaliza mapema ili wa bondeni wavuke mto kukiwa na mwanga.

Binti yule yuko darasa la sita sasa. Bado anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Kila siku hupita kwenye mlango mdogo na ndoo yake, na akinikuta nikisali Masifu uani hunisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Nami humwitikia, "Milele na milele, amina," nikijua kwamba yeye ndiye mjumbe ambaye sikumsubiri.

Mungu awabariki nyote. Nawatakieni juma jema.

Padre wenu katika Kristo.